Mshenga wa Klauni Akunja Leso Yake

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, Bi. Zubeida Yeslam anastaafu baada ya kulitumikia godauni letu la samaki wa mapambo hapa Shimanzi kwa miaka thelathini na mmoja. Aliingia mwaka 1994 akiwa msafishaji wa matangi, anatoka akiwa Mkuu wa Kitengo cha Kuoanisha. Tunawaomba wageni wa sherehe hii wasilicheke jina la kitengo. Ndilo jina rasmi, limeandikwa mlangoni, na aliyelitunga ni yeye mwenyewe.

Mwandishi wa maneno haya ni Mejumaa Baya wa Ufungashaji, ambaye meza yake imepakana na ya Bi. Zubeida tangu ujana wao. Ofisi ilimwomba aandike wasifu mfupi wenye adabu. Adabu ataijaribu. Ufupi umemshinda, kwa sababu mwaka huu Bi. Zubeida hakuwa akingoja kustaafu tu. Alikuwa na ahadi shingoni, ahadi ya kuolewa au kutoolewa, aliyoitoa kwa mzaha mbele ya watu wazima na akili zao, na godauni zima kuanzia lango la malori hadi chumba cha pampu lilikuwa likingoja kuona kama itamnasa.

Kwa asiyeijua kazi yetu: tunauza samaki hai kwa watu wenye matangi ya mwamba, yaani yale ya kioo yenye maji ya chumvi, mawe na viumbe vya miambani. Anayependwa kuwashinda wote ni klauni, samaki mdogo mwenye weupe mwilini kama aliyejipaka makusudi, anayeishi ndani ya anemoni. Anemoni naye ni mnyama laini aliyeshika jiwe, mwenye vidole vingi vinavyowasha. Samaki wengine wakimgusa hujuta, lakini klauni hulala humo kama yuko kwa mamake. Wateja huwataka wawili wawili, na hapo ndipo huhitajika mshenga, maana klauni wawili wasiopatana ukiwatia tangi moja, baada ya siku chache utamkuta mmoja.

Kwanza kuwatambua. Bi. Zubeida aliwafunza wafanyakazi wapya kwa mavazi. Wa bahari yetu ni wa namna mbili. Yuko wa hudhurungi iliyoiva, tumbo la machungwa, mikanda miwili myeupe na mkia mweupe. Na yuko wa rangi ya papai mwenye mstari mmoja mweupe uliopita juu ya mgongo kuanzia mdomoni, kama mtu aliyeegemea ukuta uliopakwa chokaa jana. Wale wa mikanda mitatu si wa kwetu, wao huja kwa ndege na karatasi zao. Kumwoza wa mikanda kwa wa mgongo mweupe, alisema, ni kutafuta kesi na wazee wa pande zote mbili.

Kisha kujua nani mke na nani mume, na hapa ndipo wageni hushika vichwa. Klauni mchanga bado si jike. Katika kundi, aliye mkubwa kuliko wote ndiye hugeuka jike, anayemfuata huwa dume lake, na waliobaki hukaa wadogo wakingoja zamu. Akishakuwa jike harudi nyuma hata umbembeleze vipi, na majike mawili katika nyumba moja ni vita. Kwa hiyo mshenga wa klauni hatafuti walingane. Hutafuta mkubwa na mdogo, tofauti ionekane kwa macho, na yule mdogo awe kijana kweli. Bi. Zubeida, ambaye ni mrefu na akisimama mlangoni hupiti, alikuwa akilitoa somo hili mkono kiunoni, akiwatazama wanaume wa godauni mmoja mmoja. Wengi walitazama viatu. Bwana Nasser wa Kitengo cha Anemoni, mfupi, mwembamba, mjane wa miaka mingi, yeye alikuwa akitabasamu.

Kitengo kiliendeshwa kwa mila za Mji wa Kale, tena bila kupunguzwa hata moja. Kila jozi iliwekwa fungate. Siku saba tangi lilifunikwa leso, ile ile nyekundu aliyokuja nayo siku ya kwanza kazini na ambayo imefuliwa mpaka maua yake yamekuwa ya kukisia. Kuchungulia kulikuwa mwiko. Aliwahi kumfukuza mkaguzi mzima aliyeinua pindo, akamwambia kwao pia kuna wanandoa, akawachungulie hao. Mkaguzi aliomba radhi, na akapewa kahawa.

Wakongwe watakumbuka kisa cha udi. Mwaka wake wa pili, jozi ya kwanza ilipopatana, Bi. Zubeida alifurahi hata akaleta chetezo kutoka kwao Kuze, Mji wa Kale, akakizungusha kati ya matangi huku akiimba. Hakuna aliyefikiri kuwa pampu za hewa huvuta hewa ya chumbani na kuisukuma majini. Ule moshi mzuri uliingia mipirani, ukatoka kwa mapovu, na safu nzima ya samaki ikapanda juu kutweta, wote wakinukia kama wanakwenda harusini. Tulifungua milango yote tukapepea kwa makawa ya kufunikia chakula. Hakufa samaki hata mmoja, alhamdulillahi, ila tangu siku hiyo udi ukapigwa marufuku ndani ya godauni. Kenneth, fundi wetu wa pampu, alipokuja kuajiriwa aliirithi sheria hiyo na akailinda kwa wivu mkubwa.

Na kila jozi iliyotoka ilitoka na dua. Mwandishi alikuwa akifunga mifuko, anatia maji, anatia hewa, na kabla hajazungusha mpira mdomoni mwa mfuko ilimbidi angoje. Bi. Zubeida aliinama, akawaambia wale samaki kupitia plastiki, kwa sauti ya mtu anayeozesha binti yake: mkubwa amstahi mdogo, mdogo amvumilie mkubwa, na nyumba isikose maji. Jozi zimekwenda mbali duniani na maneno hayo. Malalamiko ya ndoa kuvunjika yalikuwa machache sana, na Bi. Zubeida kila mara alisema kosa ni la mteja.

Sasa tuje kwa Bwana Nasser, maana hakwepeki. Huyu ndiye mteuzi wetu wa anemoni. Akiletewa mpya hutazama mdomo wake kwanza: ukiwa umefumba vizuri, kheri, ukiwa umeachama kama wa mtu aliyelala garini, huyo mgonjwa. Hutazama unyayo anaoshikia jiwe usiwe na mchaniko, maana unyayo ukichanika hakuna tiba. Hugusa vidole, na vikimnata kama haluwa ya moto huridhika. Aliyegeuka mweupe pe hamchukui hata akipewa bure. Na hamweki anemoni katika tangi jipya. Tangi kwanza likae miezi, lizoee maisha. Pia hulinganisha: klauni wa mikanda miwili humpa anemoni mwenye vidole vilivyovimba nchani kama mapovu, na wa mgongo mweupe humtafutia yule mpana wa kutandaa kama busati, kwa sababu wa mapovu hatamtaka.

Nyumbani kwake Tononoka ana matangi yake mwenyewe ukumbini, na anemoni wake wamekaa juu ya mawe yale yale miaka. Anemoni akishapenda jiwe, kumhamisha ni kumhatarisha. Akihama, na ahame kwa miguu yake.

Mnaona tunakokwenda. Bwana Nasser alipeleka posa Kuze kwa kaka yake Bi. Zubeida, mara ya kwanza miaka mitatu iliyopita, mara ya pili Januari hii. Bi. Zubeida alifiwa na mumewe zamani, na mtu wa kumkatalia au kumkubalia hakuna ila nafsi yake. Hakusema hamtaki. Siku alipokuwa na homa ya mafua Bwana Nasser, tulimwona Bi. Zubeida akihesabu anemoni wake mmoja mmoja na kuwasemesha. Tatizo lilikuwa nyumba. Kwao, nyumba ni ya bibi harusi, na bwana ndiye huingia. Mamake aliolewa akiwa pale pale Kuze, na bibi yake pia, na yeye hatoki pale kumfuata mwanamume hata awe na matangi ya dhahabu. Bwana Nasser naye hakuweza kuhama na viumbe visivyohamishika. Basi mambo yakakaa hivyo, mmoja huku na mmoja kule, wanakunywa chai meza moja kila asubuhi wakiulizana hali kwa heshima ya kuchosha watazamaji.

Ndipo Januari, siku posa ya pili ilipofika, tukiwa uani kwa chai na mahamri, Bi. Zubeida akacheka akasema mbele yetu sote: siku Shangazi atakapotoka nyumbani kwake kumfuata mume, na mimi nitatoka.

Shangazi ni klauni wa mikanda miwili, jike, mzee na mkubwa kuliko wote tulionao, mwenye tangi la mapokezi na anemoni aliyemo. Mumewe alikufa zamani na hajakubali mwingine. Humuuma kila anayetia mkono majini. Kenneth ana alama kidoleni na huionyesha bila kuombwa. Kumtaja Shangazi katika jambo lile kulikuwa sawa na kusema hapana kwa njia ya kuchekesha, na Bwana Nasser alimaliza chai yake polepole, akaosha kikombe, akarudi kazini.

Hapo ndipo bosi wetu, Bi. Jana, alipoingia katika kisa bila kujua. Februari alitangaza kuwa tuanze kuzalisha klauni hapa hapa, tupunguze kuwatoa baharini, na wa kwanza kuzaa awe Shangazi kwa vile ndiye aliyekomaa. Kitengo cha Kuoanisha kimtafutie mume kabla mkuu wake hajastaafu. Mkutano mzima uligeuza shingo kumtazama Bi. Zubeida. Kazi yake ya mwisho, na heshima yake ya miaka thelathini na mmoja, ilikuwa kumwoza samaki yule yule aliyemtumia kuifungia posa mlango. Akimwoza atakuwa amejioza. Asipomwoza ataondoka na doa.

Watu walisema atafanya kazi ovyo makusudi. Hawamjui. Alichagua wachumba wazuri, vijana, wadogo, wazima wa mapezi. Aliwapeleka kwa Shangazi kwa utaratibu wote, kila mmoja kwanza ndani ya kisanduku cha plastiki chenye matundu ili waonane bila kugusana. Shangazi alikipiga kisanduku kichwa mchana kutwa. Wa kwanza alipofunguliwa alijibanza pembeni juu kabisa, pua nje ya maji, akaomba kutoka kwa kila dalili samaki aliyonayo. Wa pili alitolewa na pezi nusu. Wa tatu aliruka mwenyewe, akadakwa na Mejumaa kwa bakuli la mahamri. Bi. Zubeida alirudi mezani kwake akakaa, na kwa mara ya kwanza tulimwona amefedheheka. Sisi tuliokuwa tukicheka tukaacha.

Kosa tuliliona karibu sote, na hakuna aliyethubutu kulisema. Wachumba walikuwa wakipelekwa nyumbani kwa bibi harusi, kama ilivyo Kuze. Kwa vijana wawili katika tangi geni haidhuru, wote wageni. Lakini mtu mzima aliye kwake, na anemoni wake, na jiwe lake, humwingizii mume akapokea. Bwana Nasser alilijua hilo mapema kuliko wote. Ila angelisema vipi? Kusema bibi harusi na ahame kungekuwa kuleta posa ya tatu kwa mlango wa nyuma. Akanyamaza, na kunyamaza huko kulimkondesha, naye hakuwa na mwili wa kupunguza.

Aliyelisema ni Kenneth. Kenneth ni wa Kaloleni, na mambo ya Kuze hayajui wala hayamshughulishi. Alikuwa chini ya meza ya chai uani anafunga mpira, akasema kwa sauti kuwa kwao mke ndiye huenda kwa mume, tena huenda kwa adabu kwa sababu ni mgeni, na kwa nini huyu Shangazi asihamishwe tu. Bi. Zubeida alimtazama jicho la kumkausha. Kenneth akauliza amesema nini kibaya.

Zikapita siku. Kisha Bi. Zubeida akaenda mwenyewe kwenye Kitengo cha Anemoni, akamwambia Bwana Nasser, kwa lugha ya kikazi kabisa, kwamba anahitaji nyumba ya pili. Tangi liwe kongwe, anemoni awe wa mapovu, na asimletee mbovu.

Tunataka watu wajue jinsi Bwana Nasser alivyomchagua anemoni yule. Alikataa mmoja kwa mdomo, mwingine kwa unyayo, wa tatu akamrudisha baada ya kumtazama juma zima kwa kuwa rangi yake haikumtuliza moyo. Wauzaji wa pwani ya kusini walianza kumkimbia. Alipompata aliyemtaka, wa kahawia yenye kijani, mnene, anayenata, alimweka katika tangi la safu ya mwisho, akazifunga sponji pampu zote za humo kwa mkono wake, maana anemoni hutembea na pampu imewahi kumsaga mmoja. Hakusema neno kuhusu ndoa ya mtu yeyote. Alisema tu kuwa nyumba iko tayari.

Akatiwa kwanza bwana harusi, mdogo kama ncha ya kidole gumba. Alimgusa anemoni, akaruka, akamgusa tena, kufika alasiri alikuwa amezama humo raha mustarehe. Tukampa jina Shemeji. Baada ya siku kumi hivi, Agosti, Bi. Zubeida akamtoa Shangazi kwa bakuli, bila wavu, akamvusha godauni zima. Siku hiyo kila mfanyakazi alikuwa na ufagio. Hatujawahi kuwa na sakafu safi namna ile.

Shangazi alipoingia hakujua asimame wapi. Alizunguka ukutani, ametulia, kama mtu aliyefika kwa watu hajaambiwa karibu. Shemeji akatoka kwa anemoni, akamwendea, akalaza ubavu, akatetemeka mwili mzima mbele yake. Hiyo ndiyo heshima ya klauni mdogo kwa mkubwa, na Bi. Zubeida huiita kuamkia. Shangazi alimtazama. Hakumpiga. Bi. Zubeida akatandaza leso juu ya tangi haraka, akageuka, macho yana maji, akamwambia Mejumaa kuwa ni chumvi.

Fungate ikapita salama. Leso ilipoinuliwa walikuwa ndani ya anemoni mmoja, mkubwa katikati na mdogo ukingoni. Hapo godauni zima likamtazama mshenga, naye akatukumbusha kanuni yake ya siku zote: klauni hawahesabiki wameoana mpaka wasafishe jiwe. Ni kweli, wakitaka kutaga huchagua jiwe karibu na unyayo wa anemoni, wakalitafuna mpaka ling'are. Lakini aliikumbuka kanuni kwa haraka sana. Septemba ikapita, Oktoba ikapita, jiwe lile lile na uchafu wake. Bwana Nasser alikuja kila asubuhi kumtazama anemoni, akasalimu, akaondoka. Bi. Zubeida akaanza kuaga watu. Tulisikitika, tuseme ukweli. Tulishaanza kuona kuwa ataondoka na mapenzi yake yamebaki mezani pamoja na vikombe.

Jumatatu ya juma lililopita Shemeji alionekana akiliuma jiwe. Shangazi akaja akamsaidia. Jumanne alasiri palikuwa na mayai, kiraka cha machungwa chini ya anemoni, na Shemeji anayapepea kwa mapezi kama mtu anayechochea makaa ya seredani.

Hakuna aliyemkumbusha Bi. Zubeida neno. Ana miaka sitini, na mzaha wa uani si hati ya kadhi. Aliinama mbele ya lile tangi, akayatazama mayai. Kisha akaitoa leso kwenye msumari wake, akaikung'uta, akaikunja mara nne vizuri, akaiweka kwapani, akaenda moja kwa moja hadi Kitengo cha Anemoni. Akamuuliza Bwana Nasser kama mifereji ya Tononoka hutoa maji, na siku gani.

Bwana Nasser akasema maji kwake yako tele, ila yote ni ya chumvi. Bi. Zubeida akasema basi kwanza anunue pipa.

Vigelegele vilisikika mpaka kwa madereva wa malori nje, wakafikiri ni moto. Na Kenneth, mlinzi wa sheria, alikwenda chumba cha pampu bila kuagizwa, akazima hewa ya godauni zima kwa dakika chache, akarudi akamwambia Mejumaa alete chetezo. Udi ulipita kati ya matangi mara moja, wa kwanza tangu ile siku ya kutweta, na samaki hawakujua lolote.

Uongozi unamshukuru Bi. Zubeida kwa kila jozi, kwa kila mkaguzi aliyefukuzwa, na kwa mayai yaliyoko safu ya mwisho, ambayo wageni wanaruhusiwa kuyatazama mradi wasigonge kioo. Akidi, yaani kufunga ndoa, ni Ijumaa ijayo baada ya sala, Kuze, katika nyumba ya mamake. Kutoka hapo bibi harusi atakwenda Tononoka, kwa miguu yake. Pipa limenunuliwa, Mejumaa amelikagua, ni kubwa na lina mfuniko.

Bi. Zubeida, leo usiiname wewe. Umewasemea samaki wa watu miaka yote hii, sasa simama tukusemee sisi, na Bwana Nasser asogee karibu asikie. Mkubwa amstahi mdogo. Mdogo amvumilie mkubwa. Na nyumba isikose maji.